Kamera ikija kwenye karakana ya watu wenye ulemavu wa akili

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na watayarishaji wa vipindi vya televisheni, na watazamaji wao pia, kuhusu jinsi makazi na karakana za watu wenye ulemavu wa akili zinavyoonyeshwa. Sisi ni walimu wa elimu maalumu na wasimamizi wa karakana za ufundi. Ombi letu ni moja: onyesheni kazi inavyopangwa na inavyofanyika. Uwezo wa mtu mwenye ulemavu wa akili unaonekana pale. Kazi ikiachwa nje ya picha, mtazamaji anabaki ama na huruma ama na kioja.

Tuanze mbali kidogo, kwa mfano unaojulikana. Kaskazini mwa Yorkshire, Uingereza, kuna kijiji kiitwacho Botton. Ni cha jumuiya za Camphill, zilizoanzishwa na daktari wa watoto Karl König na wenzake, wakimbizi waliotoka Vienna baada ya Wanazi kuichukua Austria mwaka 1938. Walianzia Scotland, karibu na Aberdeen, wakilea watoto wenye ulemavu. Watoto wakakua, likazuka swali ambalo kila mzazi wa mtoto mwenye ulemavu wa akili analijua: sasa ni mtu mzima, aende wapi? Botton ya mwaka 1955 ilikuwa jibu lao. Watu wenye ulemavu na wasio nao wakaishi nyumba moja, wakala meza moja, asubuhi kila mtu akaenda kazini: shambani, kwenye jibini, kwenye mikate, kwenye mbegu, kwenye mbao. Wasio na ulemavu hawakulipwa mshahara wa mwezi. Walitimiziwa mahitaji yao, basi.

Mwaka 2005 Channel 4, kituo cha televisheni cha Uingereza, ilionyesha filamu kuhusu Botton, na jina iliyoipa, kwa Kiswahili, ni sawa na kusema "kijiji cha ajabu kuliko vyote Uingereza". Hatuna ugomvi na kila picha ya filamu ile. Ugomvi wetu ni na jina. Mtu akishaambiwa kwamba anachokwenda kuona ni cha ajabu, anakaa kwenye kiti kusubiri ajabu. Mwanamume anayezungumza peke yake akienda kwenye zizi la ng'ombe anakuwa ndiyo ajabu yenyewe, wakati habari ni kwamba anakwenda zizini, kwamba ng'ombe wanamsubiri, na kwamba asipokwenda maziwa ya asubuhi yanachelewa.

Na jambo la Botton lililokuwa tofauti kwelikweli na vijiji vingine halikuwa tabia za wakazi. Lilikuwa mpango wao wa kuishi pamoja bila mishahara. Miaka kumi hivi baada ya filamu ile, mpango huohuo ndio ulioleta mgogoro mkubwa. Taasisi inayosimamia kijiji ilitaka wanaoishi na wenye ulemavu wawe waajiriwa wenye mikataba. Baadhi ya familia na wakazi wakapinga, jambo likafika mahakamani, kisha kwenye usuluhishi, na wengine wakaendelea na utaratibu wa zamani chini ya chombo kingine. Kwa mkazi hilo ni jambo zito: je, ninayekula naye chakula cha jioni ni mwenzangu wa nyumba, au ni mtumishi wa zamu ambaye saa ikifika anachukua mkoba wake na kwenda kwake? Kipindi kinachotafuta ajabu hakiwezi kumwandaa mtazamaji kwa swali la aina hiyo.

Kwetu hapa ajabu haitumiki sana. Kinachotumika ni msaada. Kipindi kinaanza na gari likiingia getini, mifuko ya unga inapangwa mbele, sabuni na mafuta ya kupikia juu yake, wenye ulemavu wanasimamishwa nyuma ya mifuko, mgeni anatoa neno, muziki wa huzuni unawekwa baadaye. Dakika tano zimekwisha. Hatukatai unga, watu wanakula. Lakini angalieni kinachofuata. Jirani aliyekuwa akinunua karanga au mikeka ya karakana ile sasa anaijua kama mahali pa kupeleka nguo zilizochakaa. Anakuja na mfuko wa nguo, hanunui tena. Kipindi kimeleta msaada wa wiki mbili na kimeondoa mteja wa mwaka mzima.

Sasa tuonyeshe kazi yenyewe, maana tukisema "uwezo" bila kuonyesha, tunafanya kosa lilelile. Chukueni kufunga karanga za kukaanga, pakiti za gramu 50. Anayefunga hasomi tarakimu wala hahesabu kupita tatu. Akipewa mizani ya tarakimu, kazi inamshinda siku ya kwanza na ataambiwa hawezi. Kwa hiyo hatumpi. Tunaweka mizani ya sahani mbili. Upande wa kulia kunakaa jiwe la gramu 50 pamoja na pakiti moja tupu, ili uzito wa pakiti usiingie kwenye hesabu. Upande wa kushoto anaweka pakiti anayoijaza. Katikati tumepaka mstari wa kijani: sindano ikisimama kwenye kijani, imetosha. Ikizidi, kuna kijiko kidogo cha kupunguzia, na kijiko hicho kina mahali pake pamoja pasipobadilika. Kisha pakiti inakwenda kwenye mashine ndogo ya umeme ya kubana mifuko. Anashusha mkono wa mashine, taa nyekundu inawaka, anasubiri, taa ikizimika anainua. Pakiti iliyofungwa inawekwa kwenye trei ya mayai, kila tundu pakiti moja. Trei ya mayai ina matundu 30. Ikijaa, kilo moja na nusu imefungwa, na hakuna aliyehesabu. Trei imehesabu.

Vitu vyote vimepangwa kutoka kushoto kwenda kulia: beseni la karanga, mizani, mashine, trei. Mpangilio huo kwake ni kama kitabu cha maelekezo. Kumfundisha huchukua wiki, wakati mwingine miezi, hatua moja moja, na mara nyingi tunaanzia mwisho: kwanza anajifunza kuweka pakiti kwenye tundu, ili kila siku amalize kazi kwa mkono wake mwenyewe, kisha anajifunza kubana, kisha kupima. Mwalimu anaanza kwa kumshika mkono, baadaye anamgusa kiwiko tu, baadaye ananyoosha kidole, na mwisho anasogea mbali kabisa.

Wanafika wapiga picha. La kwanza, mwanga hautoshi, basi meza inasogezwa dirishani. Sakafu ya pale si sawa, mizani inainama kidogo, na sindano sasa inasimama kwenye kijani kabla ya gramu 50. La pili, kamera inahitaji nafasi, mashine ya kubana inahamishiwa kushoto. Mpangilio umevurugika. La tatu, mtayarishaji anasema, "Rudia hapo, weka tena karanga, mkono uje huku." Mtu aliyejifunza kazi kama mnyororo hawezi kuingilia katikati ya mnyororo. Anarudi mwanzo, au anasimama, au anaangalia mlango. Kamera inanasa kusimama kule, na sauti ya msimulizi inasema, "Kazi ndogo kama hii kwao ni changamoto kubwa." Iliyoleta changamoto ni meza iliyosogezwa. Asubuhi yake alikuwa amejaza trei nne.

Dawa yake ni rahisi. Msisogeze kitu. Leteni taa yenu, iwekeni kabla ya kazi kuanza, na iache iwake bila kumwekamweka. Wako watu wenye kifafa katika karakana hizi, na ingawa si kila mwenye kifafa huathiriwa na mwanga, wako ambao mwanga unaomweka zaidi ya mara 3 kwa sekunde unaweza kuwaangusha. Wekeni kamera upande wa pili wa meza, kwa kimo cha macho ya mtu aliyekaa. Picha inayopigwa kutoka juu humfanya mtu mzima aonekane mtoto. Pigeni mfululizo mzima wa kazi bila kukatiza, mara tatu nne, kila mara kamera ikae mahali tofauti: mara ya kwanza mikono, mara ya pili uso, mara ya tatu meza yote. Mtapata picha zote mnazotaka kwa ajili ya kuhariri, na pakiti zitakuwa zimefungwa. Wenye usonji wengine huumizwa na sauti, kwa hiyo jenereta ikae mbali na ile droni muiache garini. Na msipitishe saa ya chakula, maana dawa za kifafa za wengine hufuatana na chakula, na dozi ikichelewa kwa sababu ya kipindi, degedege la jioni litatukuta sisi, nyinyi mmeshaondoka.

Ridhaa ndiyo sehemu inayoharibiwa zaidi. Kwa kawaida mtayarishaji anakuja na fomu, mkuu wa kituo anasaini, au mzazi anasaini, imekwisha. Saini hiyo inatakiwa, ila haitoshi, maana sura itakayoonekana si ya mkuu wa kituo. Mtu mwenye ulemavu wa akili aulizwe mwenyewe, na kuuliza kwake kuna namna. Wengi wamelelewa kukubali. Ukiuliza swali la ndiyo au hapana, jibu ni ndiyo. Ukimpa mambo mawili achague, huchagua ulilotaja mwisho. Kwa hiyo mpigeni picha dakika moja, mwonyesheni palepale kwenye kioo cha kamera ajione, kisha mwonyesheni televisheni na mweleze kwamba picha hii itaonwa na watu asiowajua, na majirani, na wa sokoni. Muulizeni, "Unataka upigwe picha?" Baadaye, katikati ya mazungumzo mengine, ulizeni kwa kugeuza: "Unataka usipigwe?" Akijibu ndiyo kote kuwili, bado hamjapata ridhaa. Tumieni kadi mbili zenye picha, moja ya mtu na kamera, nyingine ya kamera iliyopigwa mstari, na mbadilishe mkono unaoshika kila kadi. Ulizeni leo, ulizeni kesho. Anayegeuza uso, anayeondoka mezani, anayefunika kichwa kwa kanga, huyo amejibu hata kama hakusema neno.

Kuna kitu kingine kinachotuuma kila tukikiona kwenye kioo, na ni kidogo kiasi kwamba wengine hawakioni. Mtangazaji wa miaka 25 anamkuta mwanamume wa miaka 50, nywele zina mvi. Mtu mwingine yeyote wa umri huo angempa shikamoo. Huyu anampapasa kichwa na kusema, "Mambo, mtoto mzuri!" Mwanamke wa miaka 40 anaitwa "mtoto wetu". Makazi yote yanaitwa "watoto hawa". Sisi Waswahili heshima yetu iko kwenye salamu. Anayenyimwa shikamoo yake mbele ya nchi nzima ameshushwa kabla ya kuulizwa swali la kwanza. Mpeni. Wengi watajibu marahaba kwa sauti ya kutosha, na wakichelewa, subirini. Muiteni kaka, dada, mama, mzee, kama mnavyowaita wengine, na kwenye maandishi ya chini ya picha wekeni jina lake kamili na kazi yake: mfumaji, mfungaji karanga, mfugaji wa kuku. Tumechoka kuona "Mlemavu".

Kuhusu kusubiri: mkiuliza swali, hesabuni kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kusema tena. Mara nyingi jibu huja kwenye saba au nane. Mtangazaji asiyezoea ukimya huuliza swali la pili kwenye mbili, na hapo la kwanza limefutika. Au humgeukia mlezi, "Anasemaje?", na mlezi, kwa wema wake, anajibu badala yake kwa dakika tatu. Ulizeni swali moja kwa wakati mmoja. Anzeni na nani, nini na wapi. "Kwa nini" na "lini" ni ngumu kwa wengi. Bora zaidi, ombeni awatembeze: mtu akishika kitu mkononi hukieleza vizuri kuliko akiulizwa habari zake akiwa kwenye kiti. Matamshi yakiwa magumu, wekeni maandishi chini ya picha na muiache sauti yake isikike. Kumfunika kwa sauti ya msimulizi ni kumnyamazisha.

Lugha nayo. Ulemavu wa akili huanza utotoni na hauponi kwa dawa. Mtu hujifunza polepole na huhitaji msaada wa kudumu katika mambo fulani. Ugonjwa wa akili ni jambo jingine, unaweza kumpata mtu yeyote wakati wowote, na unatibika. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, lakini kuvichanganya kwenye televisheni kuna madhara ya wazi: familia inauza mbuzi kutafuta tiba ya kitu kisicho na tiba, au inaacha kutibu kinachotibika. Mtindio wa ubongo nao si jina la kila kitu. Huathiri mwendo na misuli, na wako wenye mtindio wa ubongo ambao akili zao hazina tatizo lolote, wanaosikia kila neno linalosemwa juu yao. "Zezeta", "taahira" na "punguani" bado yanachekesha watu kwenye maigizo, pamoja na yule mhusika wa vifungo vilivyopishana na mate kidevuni. Wenzetu wa Kenya wameliandika jambo hili kwenye Katiba yao ya 2010, Ibara ya 54: mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na Ibara ya 8 ya mkataba huo inataja vyombo vya habari waziwazi.

Tunaongeza la usalama. Mtangazaji akisema "binti huyu hawezi kuzungumza" huku kamera ikionyesha sura yake, chumba chake cha kulala, geti na kibao cha barabarani, amemwambia mtu mbaya kila alichohitaji kujua: nani, yuko wapi, na kwamba hataweza kusema alichotendewa. Wanawake wenye ulemavu wa akili wamo katika hatari kubwa ya kubakwa, na wabakaji hutafuta hasa asiyeweza kutoa ushahidi. Vyumba vya kulala na mabafu visipigwe. Geti lisipigwe. Msitaje saa ambazo wahudumu hubadilishana zamu.

Wala hatuombi mtupambe. Jumuiya hizi zinahitaji kuulizwa maswali magumu, na kipindi kinachomsifu mwanzilishi tu hakiulizi. Jean Vanier alianzisha jumuiya za L'Arche, ambamo wenye ulemavu wa akili na wasio nao huishi pamoja, Ufaransa mwaka 1964, zikaenea nchi nyingi, zimo Kampala na Nyahururu pia, na kwa miaka mingi vyombo vya habari vilimwonyesha kama mtakatifu aliye hai. Alifariki 2019. Februari 2020 L'Arche yenyewe ilichapisha uchunguzi wake: aliwadhulumu kingono wanawake wasiopungua sita, watu wazima wasio na ulemavu, waliokuwa wakimtegemea kiroho. Wakazi wa nyumba zile hawana kosa, na maisha waliyoyajenga ni yao. Lakini kamera zote zilikuwa zimeelekezwa kwa mtu mmoja.

Kwa hiyo mkija, ulizeni mambo haya, na muwaulize wakazi kabla ya mkuu: Ulichagua mwenyewe kuishi hapa? Nani anashika ufunguo wa chumba chako? Pesa za karanga zikiuzwa, wewe unapata ngapi mkononi, na ulizinunulia nini? Ukitaka kwenda sokoni peke yako unaweza? Ukigombana na mlezi unamwambia nani? Kituo kisichotaka wakazi wake waulizwe maswali hayo bila mlezi pembeni kina habari ambayo haijaonyeshwa bado.

Siku ya kwanza njooni bila kamera, mkae karakanani tangu saa tatu asubuhi hadi chai ya saa nne, ili sura zenu zizoeleke. Kamera ije siku ya pili. Baada ya kuhariri na kabla ya kurusha, leteni kipindi kwenye kompyuta, tuketi na waliopigwa picha tukiangalie pamoja. Wakati huo ndio mtu huelewa hasa alichokubali. Akisema kipande fulani kitoke, kitoke. Na mwisho wa kipindi, mahali mnapoweka namba ya kuchangia, wekeni bei ya pakiti ya karanga na siku ambazo duka linafunguliwa.

Wenu,
Walimu wa elimu maalumu na wasimamizi wa karakana,
Dar es Salaam